Jirani Zetu wa Kenya na Ufundi wa Bodi za Magari

Gari la doria lililogongwa laweza kurudi kazini liking'ara kwa rangi mpya, ilhali chini ya rangi hiyo puti imefunika bati lililooza. Askari waliomo hawatajua hilo mpaka ajali ya pili.

Nchini Kenya mafundi wengi wa kunyoosha bodi hujifunza kandoni mwa barabara, katika jua kali, kwa kumtazama fundi aliyewatangulia. Serikali haikuwapuuza. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani huwatahini katika madaraja matatu, kuanzia la 3 kupanda hadi la 1. Mtahiniwa hupewa kazi, na mikono yake ndiyo hujibu. Hata asiyepata kukanyaga chuo hupata cheti.

Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina njia yake: kwanza gwaride, kisha ufundi. Wanajeshi wetu wataitambua mara moja.

Lakini cheti hakinunui vifaa. Fundi wa daraja la 1 asiye na vipimo atakadiria chesisi kwa jicho, na gari la namna hiyo huvuta upande mmoja pale dereva anapokanyaga breki kwa ghafla.