Kusafisha si Kung'arisha: Namna Magazini za Bastola za Kale za Kijeshi Zinavyohifadhiwa

Dar es Salaam. Magazini ya bastola ya kale ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Ni kisanduku chembamba cha bati la chuma chenye springi ndani, bamba dogo la kusukumia risasi juu na kitako chini. Kwa udogo wake, mara nyingi hupotea au hutupwa, na inapopatikana husuguliwa hadi ing'ae. Wataalamu wa uhifadhi wa mikusanyo ya makumbusho huona jambo hilo la mwisho kuwa hasara kubwa kuliko kutu yenyewe. Kutu huweza kusimamishwa, lakini alama iliyofutwa kwa msasa hairudi.

Suala hili linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Kati ya mwaka 1914 na 1918 ardhi ya Tanzania Bara ya leo, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ilikuwa uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mapigano yalifika Tanga mwezi Novemba 1914 na Mahiwa, mkoani Lindi, mwezi Oktoba 1917. Kampeni hiyo ilihitimishwa rasmi pale Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha majeshi yake Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa miaka minne majeshi yalitembea, yakapiga kambi, yakakimbia na kuacha vitu nyuma. Baadhi ya vitu hivyo bado vimo ardhini, na vingine vimo ndani ya masanduku ya familia.

Kifaa chenye kumbukumbu

Mfano mzuri ni magazini ya bastola ya Kijerumani iliyobuniwa na Georg Luger. Jeshi la Wanamaji la Ujerumani liliipitisha bastola hiyo mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu likafuata mwaka 1908, ndipo ikapata jina la P08. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi 8. Zile za enzi ya Vita Kuu ya Kwanza zilitengenezwa kwa bati la chuma lililokunjwa na kupakwa nikeli, na kitako chake kilikuwa cha mti. Baadaye vitako vya alumini na vya plastiki vilichukua nafasi ya mti.

Askari wa kawaida katika vita hivyo alibeba bunduki, na mpagazi alibeba mzigo. Bastola ilikuwa zaidi silaha ya maofisa na ya wale ambao kazi yao haikuruhusu kubeba bunduki ndefu. Hivyo kuikuta magazini ya namna hii mahali fulani ni kupata dalili ya nani aliyepita hapo, na alikuwa na cheo gani.

Dalili hiyo hupata nguvu zaidi kwa sababu ya namba. Magazini za kijeshi za P08 zilipigwa chapa ya namba ya bastola yake kwenye kitako. Kila bastola ilitolewa na magazini mbili, na ile ya akiba iliwekewa alama ya msalaba mdogo wa kujumlisha. Kwa namba hiyo mtafiti anaweza kujua kama magazini na bastola vilitoka kiwandani pamoja au vilikutanishwa baadaye. Chapa hiyo, hasa juu ya mti, haina kina kirefu. Mizunguko michache ya msasa inatosha kuifuta, na pamoja nayo hufutika kiungo pekee kati ya kipande hicho cha chuma na silaha iliyokitumia.

Kwa nini huharibika

Adui wa kwanza ni unyevu, na msaidizi wake ni chumvi. Chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo husukuma tabaka la juu hadi likabanduka. Chumvi ya bahari, na hata jasho la mikono, huingiza kloridi ndani ya vitobo vya chuma. Kloridi huifanya kutu iendelee hata mahali panapoonekana pakavu. Dalili yake ni matone madogo ya rangi ya chungwa au unga mpya unaojitokeza kila mara baada ya kifaa kupanguswa. Ndiyo maana vifaa vinavyotunzwa Tanga, Bagamoyo, Mombasa au Lindi huhitaji uangalizi wa karibu kuliko vile vya nyanda kavu za bara.

Nikeli nayo ina tabia yake. Ikiwa haijapasuka hukinga chuma vizuri. Ikikwaruzwa, chuma kilicho chini huliwa kwa kasi zaidi kuliko kama kisingepakwa chochote, na kutu hutambaa chini ya tabaka bila kuonekana. Kwa hiyo mkwaruzo mmoja wa waya wa kusugulia sufuria ni mlango wa uharibifu wa miaka mingi.

Mti wa kitako hutaka hali tofauti. Chuma hupenda ukavu, lakini mti ukikaushwa mno hupasuka, na ukilowa hufura na kukibana chuma kilichouzunguka. Mtunzaji hulazimika kutafuta wastani.

Usalama kwanza

Kabla ya neno lolote kuhusu kusafisha, kuna hatua isiyorukwa: kuhakikisha kuwa magazini haina risasi. Risasi iliyokaa miaka mia moja si salama kwa sababu ya umri wake. Ganda lake linaweza kuwa limeliwa na kutu, na baruti na fataki vikawa katika hali isiyotabirika. Ikiwa kuna risasi ndani, au ikiwa kutu imeziba mdomo na ndani hapaonekani, kazi husimama hapo hapo. Kifaa hakitikiswi, hakipashwi moto, hakilowekwi wala hakifunguliwi. Huachwa kilipo, na taarifa hutolewa Jeshi la Polisi.

Sheria nayo iko wazi. Nchini Tanzania, umiliki wa silaha na risasi husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kumiliki silaha bila kibali ni kosa. Ukale wa kifaa au kuachwa na babu haumpi mtu kibali. Anayekuta kifaa cha namna hii shambani au katika mali ya marehemu anapaswa kutoa taarifa polisi kwanza. Mazungumzo na makumbusho kuhusu thamani yake ya kihistoria hufuata baadaye.

Hatua za uhifadhi

Katika makumbusho kazi huanza kwa kalamu na kamera. Kifaa hupigwa picha pande zote, hupimwa, na kila namba, chapa na doa huandikwa kabla ya kuguswa. Mtunzaji huvaa glovu, kwa kuwa alama ya kidole chenye jasho inaweza kugeuka kutu ndani ya siku chache.

Hatua ya pili ni kuondoa vumbi kwa brashi laini na kavu. Udongo ulioganda hutolewa kwa kijiti cha mwanzi, ambacho ni laini kuliko chuma na hakiachi mkwaruzo. Mafuta ya zamani yaliyoganda huyeyushwa kwa pamba iliyochovywa kidogo katika spiriti safi. Spiriti hiyo haigusishwi kwenye mti wala plastiki, kwani huweza kuharibu rangi na ukamilifu wake.

Kutu hutofautishwa. Ile nyembamba, ngumu na yenye rangi ya kahawia iliyokolea, isiyoongezeka, mara nyingi huachwa, kwa kuwa ni sehemu ya historia ya kifaa na haileti madhara mapya. Ile ya unga, yenye rangi ya chungwa, hupunguzwa taratibu kwa kijiti na pamba, chini ya kioo cha kukuzia, huku kazi ikisimamishwa kila mara ili kutazama. Kazi hukoma pale kutu hai inapoisha, hata kama kifaa hakijang'aa.

Magazini haifunguliwi bila sababu ya lazima. Katika P08 kitako hushikwa na pini, na pini iliyoliwa na kutu huvunjika kwa urahisi. Springi iliyobanwa ndani huweza kuruka na kumjeruhi mtu au kupasua mti. Ikiwa ndani ni kavu na hakuna dalili ya kutu hai, kuiacha ilivyo ndiyo hifadhi bora.

Mwishoni, chuma hupakwa nta maalumu ya uhifadhi, nyembamba sana, kisha hupanguswa kwa kitambaa laini. Nta hupendelewa kuliko mafuta kwa kuwa haivuti vumbi, haipenyi ndani ya mti, na inaweza kuondolewa baadaye bila kuacha madhara. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa kazi yote: kisifanywe jambo ambalo mtunzaji ajaye hataweza kulitengua.

Dawa za nyumbani zinazoangamiza

Siki, ndimu na vinywaji vyenye asidi huondoa kutu, lakini huondoa pia rangi nyeusi ya kiwandani na kuacha chuma kikiwa uchi. Mchanga, majivu na msasa hufuta chapa. Kupaka rangi mpya huifungia kutu ndani iendelee kula bila kuonekana. Hata mfuko wa ngozi uliotengenezwa kwa ajili ya kifaa hicho si mahali pa kukihifadhia, kwa sababu ngozi hushika unyevu na dawa zake za kulainishia hula chuma. Mfuko na magazini huhifadhiwa karibu, lakini kila kimoja peke yake.

Mahali pa kutunzia

Magazini huwekwa tupu, imefungwa kwa karatasi isiyo na asidi, ndani ya kisanduku chenye vifuko vya silika jeli vinavyofyonza unyevu. Chuma kitupu hufaa katika unyevu wa hewa usiozidi asilimia 40. Penye kitako cha mti, asilimia 40 hadi 50 isiyopandapanda na kushuka huwa wastani unaokubalika. Kipimo cha unyevu huwekwa ndani, na kifaa hukaguliwa kila baada ya miezi michache, zaidi wakati wa masika.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliacha alama hata katika majina ya mahali. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Mamia ya maelfu ya Waafrika walibeba mizigo ya vita hivyo, na wengi wao hawakuacha maandishi. Kwa hiyo vitu vilivyobaki ni mashahidi, hata vile vya maofisa waliowaamuru. Namba iliyobaki juu ya kitako cha mti inaweza kusaidia kuitambua bastola iliyoitumia magazini hiyo. Mwananchi anayekuta kifaa kama hicho hahitaji kukisafisha. Akiache kama kilivyo, akumbuke mahali hasa alipokiona, na atoe taarifa.