Mafuta yasiyo ya kawaida katika mayai ya chaza

Chaza ni mnyama wa baharini mwenye gamba la pande mbili. Sisi tunaokaa mbali na pwani twamjua zaidi kwa kusoma, ingawa Mto Kongo nao una chaza wake wa maji baridi, ambaye wataalamu humwita Etheria elliptica. Chaza wa Pasifiki hutoa mayai mamilioni kwa mara moja, na kipenyo cha yai moja hakizidi sana mm 0,05. Akiba ya mafuta iliyomo humo ndiyo hasa humtegemeza mtoto wa chaza hadi aweze kujilisha. Hivyo mfugaji anayetaka kujua kama mayai yake yana nguvu huyapeleka kwa mwanakemia.

Asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni wenye kichwa na mkia. Mahali fulani fulani kaboni mbili hushikana kwa bondi maradufu. Kwa kawaida bondi hizo hufuatana kwa hatua ya tatu tatu: asidi ya arakidoni, yenye kaboni 20, inazo katika nafasi ya 5, 8, 11 na 14. Lakini katika miaka ya 1970 wachunguzi wa wanyama wa magamba walibainisha asidi zinazovunja desturi hiyo. Zenye kaboni 20 zina bondi maradufu katika 5 na 11, au 5 na 13. Zenye kaboni 22 katika 7 na 13, au 7 na 15.

Mbona namba zote zaongezeka kwa mbili? Kwa sababu mnyama hurefusha mnyororo kwa kutia kaboni mbili upande wa kichwa. Mwanaisimu atautambua mchezo huu mara moja. Katika « pika » silabi « pi » ni ya kwanza. Katika « anapika » imekuwa ya tatu. Ila mkazo, unaohesabiwa toka mwisho wa neno, haukuhama. Wanakemia nao, wakitaka kuona ukoo wa asidi, huhesabu toka mkiani. Hapo 5 na 11 za kwanza, sawa na 7 na 13 za pili, zote huwa 15 na 9. Na hiyo 9 ni ile ile ya asidi ya oleiki, ambayo chaza huanza nayo.

Kuzitambua si kazi nyepesi. Mafuta hutolewa katika mayai kwa klorofomu na methanoli, kwa njia ya Folch ya mwaka 1957 au ya Bligh na Dyer ya mwaka 1959, kisha asidi hugeuzwa kuwa esta za methili na kupitishwa katika kromatografia ya gesi. Kila asidi hutoka kwa wakati wake, lakini hizi hutoka karibu sana na nyingine, na asiye mwangalifu huzipa jina la jirani. Spektrometa ya tungamo peke yake haimwokoi: katika esta hizo bondi maradufu huhamahama mnyororo unapopigwa na elektroni. Dawa yake ni kufunga kichwani pete yenye nitrojeni. Chaji hubaki hapo, mnyororo hukatika kaboni baada ya kaboni, na vipande hupishana kwa tungamo 14. Penye bondi maradufu hupishana kwa 12. Ndivyo nafasi inavyosomwa.

Faida ya asidi hizi kwa yai ingali ikijadiliwa. Katika asidi za kawaida, kaboni iliyobanwa kati ya bondi maradufu mbili ndiyo oksijeni huishambulia kwa urahisi. Katika 5 na 11 kaboni ya namna hiyo haipo, na wengi hudhani kwamba utando wa yai hupata kinga kwa njia hiyo. Binafsi naona dhana hii ina nguvu, lakini jedwali lililopachika jina la jirani haliwezi kuipima.