Usione Vyaelea: Kumfuga Samaki Mwindaji wa Bahari Thika na Ruiru

Makala hii inadhamiria kufafanua masharti ya kumfuga nyumbani, katika tangi la maji ya chumvi, samaki mwindaji wa jamii ya Labridae, hususan yule aitwaye kisayansi Coris formosa. Makao yake ni miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, ikiwemo ya pwani ya Kenya. Thika na Ruiru ziko bara, takriban kilomita 500 kwa barabara kutoka Mombasa na zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anayetaka kumfuga huko hana budi kuiunda bahari kwa mikono yake.

Sharti la kwanza ni maji. Kila lita huhitaji takriban gramu 35 za chumvi maalumu ya bahari. Chumvi ya mezani haifai. Maji ya mfereji huondolewa klorini kwanza. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Joto hudumishwa kati ya nyuzi 24 na 27, jambo linalohitaji kipasha-joto, hasa katika baridi ya Julai. Isitoshe, katika mwinuko huo maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, samaki huanza kukosa pumzi mapema.

Sharti la pili ni subira. Kinyesi cha samaki huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kustawi, aghalabu nne hadi sita; anayetiwa tangini kabla ya hapo huwa ametiwa katika sumu.

Sharti la tatu ni nafasi. Samaki huyu angali mchanga huwa mwekundu wa machungwa mwenye mabaka meupe, na urembo huo ndio humvutia mnunuzi. Hata hivyo, hukua hadi kufikia sentimita 60. Tangi la lita 700, ambalo maji yake pekee yana uzito unaozidi kilo 700 na huhitaji takriban kilo 25 za chumvi, si kubwa mno kwake. Usiku hujizika mchangani. Kwa hiyo mchanga uwe laini na wa kina cha kutosha. Tangi nalo lifunikwe, kwani akishtuka huruka nje. Konokono, kaa na kamba hawawezi kuishi naye: meno yake yameumbwa kuvunja magamba.

Meno hayo ndiyo kiini cha suala hili. Kwenye miamba ya Kenya, samaki wa aina hii, pamoja na kikande, huwala wanyama wa mviringo wenye miiba ambao hukwangua mwani na matumbawe. Watafiti walioichunguza miamba hiyo tangu miaka ya 1980 wamebainisha kuwa pale wawindaji walipovuliwa kupita kiasi, wanyama hao wa miiba waliongezeka na mwamba ukamomonyoka. Katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ambako uvuvi umekatazwa, wanyama hao ni wachache na matumbawe hustawi zaidi.

Kwa hiyo, samaki anayetolewa mwambani huacha kazi isiyo na mtendaji, na akifa tangini baada ya mwezi mmoja, hasara huwa ya pande mbili. Asiyeweza kutimiza masharti haya ni heri afuge perege wa maji baridi. Aidha, anayechoshwa na mwindaji wake asimtupe katika mto Chania wala Ruiru, kwani maji yasiyo na chumvi yatamuua. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa.