Je, Wajua? Taji, Kanzu Nyeupe na Ziara za Mabinti wa Ayubu

Je, wajua kwamba kuna wasichana wa miaka 15 au 16 wanaoitwa Malkia, wanaokaa mbele ya ukumbi wa Freemason wakiwa na taji kichwani na kanzu nyeupe mwilini, na kinachowatetemesha usiku ule si jini wala damu bali hofu ya kusahau maneno waliyokariri? Litaje neno Freemason pale stendi ya Misuna, Singida mjini, uone watu watakavyokusogelea kwa udaku na wengine watakavyokukwepa. Safu ya leo inaingia huko huko, ila kwa mlango wa watoto.

Je, wajua kwamba vikundi vitatu vikubwa vya vijana vinavyolelewa na Freemason vilizaliwa ndani ya miaka minne tu? DeMolay ya wavulana ilianza 1919, Job's Daughters, yaani Mabinti wa Ayubu, ikafuata 1920, na Rainbow for Girls, ile ya upinde wa mvua, ikaja 1922. Hakuna hata kimoja kilichozaliwa New York wala Washington. Vilianzia Missouri, Nebraska na Oklahoma, nchi ya mahindi, ngano, ng'ombe na upepo usiopumzika. Kansas City, ilikoanzia DeMolay, iko mpakani kabisa mwa jimbo la Kansas, na ua rasmi la Kansas tangu 1903 ni alizeti. Mkulima wa Iramba angeshuka pale akaulizia bei ya gunia.

Wavulana kwanza, tuwamalize upesi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Freemason mmoja kijana, Frank Land, alikuwa akimsaidia mvulana aliyefiwa na baba, Louis Lower. Akamwambia aje na rafiki zake. Wakaja wanane. Wakasimuliwa habari za mashujaa mbalimbali, na jina walilolipenda wao wenyewe likawa la mtu aliyechomwa moto: Jacques de Molay, mkuu wa mwisho wa wapiganaji wa Hekalu, aliyeuawa Paris mwezi Machi 1314. Kundi lake lilikamatwa nchini Ufaransa Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 1307, na wapo wanaodai kuwa nuksi ya Ijumaa ya tarehe 13 ilianzia hapo.

Walt Disney, baba wa Mickey Mouse, alikuwa mvulana wa DeMolay pale pale Kansas City. Bill Clinton naye alipitia huko kabla hajauota urais. Kwa hiyo wale wanaoapa kwamba katuni zina "mkono wa Freemason" wanaweza kupewa nusu alama.

Je, wajua Mabinti wa Ayubu walilitoa wapi jina lao? Kwenye Biblia, Ayubu sura ya 42. Bi Ethel Wead Mick wa Omaha, Nebraska, aliupenda mstari unaosema hapakuwa na wanawake wazuri kama binti za Ayubu katika nchi ile yote. Wasichana hao watatu wametajwa kwa majina, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, wakati ndugu zao wa kiume saba hawakutajwa hata mmoja. Wahubiri wengi huishia kwenye uzuri wao. Mstari ule ule unaendelea kusema baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Huku kwetu ilibidi tungoje sheria za ardhi za 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, ndipo haki ya mwanamke juu ya ardhi iandikwe kuwa sawa na ya mwanamume. Na mpaka leo, nenda kwenye kikao cha ukoo uone kama Ayubu ana wafuasi.

Kanzu zile ni nyeupe, za mtindo wa Kigiriki wa kale, na kila msichana huvaa sawa na mwenzake. Binti wa daktari na binti wa mfagiaji hawatofautiki wakiwa kwenye mstari. Wanafunzi wetu wa sekondari wanaijua hoja hiyo tangu siku ya kwanza waliponunuliwa sare.

Rainbow nayo ilianzishwa na mchungaji, W. Mark Sexson, mjini McAlester, Oklahoma. Siku ya kwanza, tarehe 6 Aprili 1922, waliingizwa wasichana 171 kwa mkupuo. Kila rangi ya upinde ina somo lake: nyekundu ni upendo, njano ni maumbile, kijani ni uzima usiokufa, buluu ni uaminifu, na zambarau, ya mwisho, ni utumishi.

Sasa tuje kwenye taji lenyewe.

Je, wajua kwamba Mabinti wa Ayubu wana "Miss" wao wa kimataifa, na kwamba hapandi jukwaani na vazi la kuogelea? Kinachopimwa ni kichwa na ulimi. Kuna mtihani wa kuandika kuhusu kanuni na taratibu za chama, kuna mahojiano na majaji, kuna kusimama mbele ya watu na kuongea. Fikiria mashindano ya urembo ambayo mshindi ni yule aliyeisoma katiba ya chama akaielewa. Nina hakika vyama vyetu vingi, vya siasa na vya ushirika, vingekosa mshindi.

Akishashinda, kazi yake kwa mwaka mzima ni kusafiri. Makundi ya wasichana hao huitwa Bethel, na kila Bethel ina namba yake. Yako Marekani, Canada, Australia, Brazil na Ufilipino. Mwenye taji hualikwa kwenye kusimikwa kwa malkia wapya, maana malkia wa kila Bethel hukaa madarakani kwa takriban miezi sita tu, kisha kiti kinahama. Hualikwa kwenye mikutano ya mwaka ya majimbo, kwenye chakula cha asubuhi cha kuchangisha fedha (chapati za maji kwa asali, tungesema sisi), na kwenye ziara za kuwasalimu wazee. Akiingia, husindikizwa kwa hatua za kupangwa hadi upande unaoitwa Mashariki, anakokaa malkia na mabinti wafalme wake wawili. Hutambulishwa cheo kwa cheo. Kisha hupewa nafasi ya kusema.

Kwa lugha yetu huyo ni mgeni rasmi. Tofauti ni kwamba mgeni rasmi wetu akiahidi "maneno machache" tunaanza kutafuta kivuli, ilhali huyu msichana amepimwa kwa hayo hayo maneno machache kabla hajapewa taji.

Mtanzania anayemkaribia sana kwa kazi si mrembo bali kijana mkimbiza Mwenge. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, mikononi mwa Luteni Alexander Nyirenda. Hadi leo, kila mwaka vijana wachache huteuliwa kuzunguka nao nchi nzima, wilaya kwa wilaya, Manyoni, Ikungi, Mkalama na kwingineko. Kijana ambaye jana hakuna aliyemjua leo anakagua zahanati, anauliza stakabadhi za mabomba, na anaweza kukataa kuzindua mradi mbele ya mkuu wa wilaya. Msichana wa Bethel hana makali hayo. Ila uchovu wa kutabasamu katika kituo cha nne cha siku ile, nadhani wanaufahamu wote wawili.

Warembo wetu nao? Miss Tanzania wa kwanza alipatikana 1967, kisha mashindano yakapigwa stop kwa kuonekana hayaendani na utamaduni, yakarudi 1994. Mwaka 2005 Nancy Sumari alikwenda Sanya, China, akarudi na taji la Miss World kwa Afrika. Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, ndiye aliyeligeuza jina lake kuwa spika: aliuzungumzia hadharani ugonjwa wa endometriosisi aliokuwa akiuugua, wakati wanawake wengi walikuwa wakiambiwa ni maumivu ya kawaida ya mwezi.

Fedha za Mabinti wa Ayubu huenda wapi? Sehemu kubwa ya harambee zao huingia kwenye mfuko uitwao HIKE, unaowanunulia watoto vifaa vya kusaidia kusikia. Jirani zetu Tabora ndiko ilikofunguliwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963, kwa mkono wa Kanisa Katoliki.

Na Freemason wa Afrika Mashariki? Loji, yaani tawi lao, ya Harmony ilifunguliwa Nairobi mwaka 1905, mji wenyewe ukiwa bado ni kambi ya reli iliyochangamka. Mwaka 1926 ukaundwa uongozi wa Afrika Mashariki chini ya Uingereza. Jengo lao la Nairobi, kwa taarifa yako, liko kwenye barabara iitwayo Nyerere.

Freemason mashuhuri kuliko wote katika ukanda huu alikulia jirani tu na sisi. Sir Andy Chande alilelewa Bukene, Nzega, kijiji cha reli kati ya Tabora na Mwanza, na akaliandika jina la Bukene kwenye jalada la kitabu cha maisha yake kilichotoka 2005. Februari 1967 Serikali ilitaifisha viwanda vya kusaga vya familia yake. Mtu mwingine angepanda meli. Yeye alibaki, akaongoza Shirika la Taifa la Usagishaji kwa niaba ya umma, yaani akaendelea kusaga unga ule ule usio wake tena. Aliwaongoza Freemason wa Afrika Mashariki kwa karibu miaka 20, akajibu maswali ya waandishi waziwazi, akafariki 2017.

Loji za mfumo huo wa Kiingereza ni za wanaume watu wazima. Umri wa chini ulikuwa 21, sasa ni 18. Wanawake wa Uingereza wana loji zao tangu 1908.

Kwa hiyo ule ujumbe wa simu unaokuambia "jiunge na Freemason upate gari na nyumba, tuma kwanza fedha ya fomu", mwandishi wake ni tapeli, na ni binamu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Loji haikusanyi watu kwa meseji. Mtu hupendekezwa na wanachama wanaomfahamu, wenzao wanapiga kura, na sharti mojawapo ni kumwamini Mungu.

Je, wajua kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, hakuwa Freemason, ingawa wengi huapa kwamba alikuwa? Kaburi lake liko Nyeri, Kenya, alikofariki Januari 1941. Harakati za wasichana alizoziasisi, Girl Guides, ziliingia Tanganyika 1928, na hizo ndizo ambazo msichana wa Singida anaweza kujiunga nazo shuleni kwake bila kuulizwa babu yake ni nani. Kituo cha tano cha dunia cha Girl Guides kina jina la Kiswahili, Kusafiri. Hakina jengo: huhama kutoka nchi moja ya Afrika kwenda nyingine.

Sherehe za wasichana zenye siri hazikuanzia Omaha. Wanyaturu na Wanyiramba walikuwa nazo kabla Mjerumani hajaja, na wanaume hawakukaribia. Kwa Mabinti wa Ayubu mzazi anaruhusiwa kukaa ukumbini akatazama, na baraza la walezi watu wazima huwapo. Siri ikikosa mzazi wa kuiona, hugeuka kichaka: ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu 1998, lakini utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta wanawake wapatao 31 katika kila 100 wa mkoa wa Singida wamekeketwa.

Mkoa huu pia umewahi kuwa na mwanamke mwenye cheo ambaye hakuchaguliwa na jaji yeyote. Liti, mganga na kiongozi wa Wanyaturu, aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Simulizi zinasema alitumia nyuki. Leo jina lake liko kwenye uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, na timu ngeni zimekanyaga kwake.

La mwisho. Je, wajua binti wa Ayubu anastaafu lini? Akitimiza miaka 20, au akiolewa kabla ya hapo. Kanuni inamhesabu kuwa mtu mzima siku ya ndoa, hata awe na miaka 18. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa kibali cha mahakama, huku mvulana akisubiri 18. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, aliifikisha sheria hiyo Mahakama Kuu, na Julai 2016 vifungu hivyo vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa. Mahakama ya Rufani iliitupa tarehe 23 Oktoba 2019.