Tiba kwa Vitendo: Kurudi Dukani Baada ya Saratani ya Matiti

Katika kutibu saratani ya matiti, mara nyingi tezi za kwapani huondolewa au kupigwa mionzi. Maji ya limfu yaliyopitia humo hukosa njia, na mkono huweza kuvimba hata miaka kadhaa baadaye. Kwa mama anayeuza vitenge Kariakoo, akiinua majora kutwa, uvimbe huo huweza kumfungia duka.

Mtoa tiba kwa vitendo huanza kwa kuichunguza kazi yenyewe: majora hukaa rafu ipi, mzigo huinuliwa mara ngapi, uchovu huja saa ngapi. Kisha majora mazito huhamishiwa usawa wa kiuno, robota hufunguliwa na kubebwa kidogo kidogo, na mapumziko hupangwa kabla ya kuchoka. Mkono nao huongezewa uzito hatua kwa hatua, kwani usipotumika hudhoofu.

Mkono ukiwa mwekundu, wenye joto na homa, mgonjwa awahi hospitali siku hiyohiyo.

Nao wahudumu, Ocean Road au kwenye zahanati ya mtaani, wamwulize kila mgonjwa mapema: “Unafanya kazi gani?”