Nano inatafuta wapi mipangilio yako?

Bandugu, wote wa likelemba yetu wanakumbuka lile juma majina ya waliolipa yalipopotea, na mimi mtunza hesabu nikaanza kuangaliwa kwa jicho lingine. Wizi haukuwepo. Kilichopotea ni mstari mmoja.

Orodha yetu ni faili ya maandishi tu, naiandika na nano kwenye Linux. Kwenye mashini ya zamani niliweka amri «set backup»: ukihifadhi, nano inakubakishia toleo la kabla, jina lilelile na alama ~ mwishoni. Mashini ilipoanza kuzimika ovyo, nilikopi kila kitu kwenye flashi, nikavuka mto kwa mtumbwi hadi kwa rafiki ng'ambo, nikarudi Lubunga na mashini nyingine. Kila kitu, nilidhani! Nilitumia cp -r ~/*, kumbe ile nyota haichukui faili zinazoanza na nukta. Faili yangu ya .nanorc ilibaki kulekule. Usiku mmoja nikafuta mistari kwa kosa, nikahifadhi, nikafunga. Kutafuta ile yenye ~, hakuna. Siku tatu nilikuwa najenga upya orodha kutoka vipande vya risiti.

Sasa, nano inatafuta hivi. Inasoma kwanza /etc/nanorc, ambayo ni ya watu wote wa mashini. Kisha inaingia nyumbani kwako kutafuta ~/.nanorc. Ikiikosa ndipo inaenda kwenye ~/.config/nano/nanorc. Yako ikipingana na ya wote, yako inashinda. Lakini za nyumbani inasoma moja tu, ile inayokutana nayo kwanza. Hapo nilipigwa mara ya pili: niliandika upya «set backup» ndani ya .config, na kumbe .nanorc tupu ilikuwa imekaa mbele yake. Tupu kabisa, na nano ikaridhika nayo!

Angalia pia sudo. Kwa kawaida ukifungua faili kwa sudo nano, «nyumbani» inakuwa /root, siyo kwako, na mipangilio yako haisomwi.

Anayetumia Vim ana bahati: :version inamwonyesha Vim inatafuta wapi, na :scriptnames inaonyesha zilizosomwa kweli.

Kuona zilizofichika, andika ls -a. Kukopi nyumba nzima, cp -r ~/. yenye nukta mwishoni, siyo nyota. Na mimi siku hizi, nikihifadhi orodha, naandika ls kabla ya kuzima. Kama ile yenye ~ haipo, silali.