UKUNGU WA BARIDI KALI UNATOKEA WAPI?

Sisi wa Manzese tumezoea joto. Ukungu hatuujui sana. Lakini kati ya Juni na Agosti wengi wetu hupanda basi kwenda kuwaona ndugu Njombe, Makete na Mbeya, na alfajiri hukuta barabara imemezwa na weupe. Tangu Serikali iruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku mwaka 2023, wanaopita huko saa hizo wameongezeka. Kwa hiyo tumeona ni vema tulieleze jambo hili.

Tuanzie dukani. Muuza soda akifungua friza mchana wa joto, kimoshi cheupe hushuka hadi miguuni. Si moshi. Ni mvuke uliokuwa tayari katika hewa yetu ya Manzese, ila haukuonekana kwa macho. Hewa yenye nyuzijoto 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzijoto 0 hubeba gramu 5 tu. Mvuke unaozidi hujishika kwenye vumbi laini la hewani na kuwa matone madogo mno yanayoelea. Huo ndio ukungu.

Kule Njombe na Kitulo, friza ni ardhi yenyewe. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake, na hewa iliyo juu yake hupoa. Hewa baridi ni nzito, hivyo hutiririkia mabondeni kama kile kimoshi cha dukani. Ndiyo maana basi likiwa kilimani dereva anaona vizuri, likishuka bondeni haoni kitu. Baridi ikipita chini kidogo ya sifuri, matone ya ukungu hubaki maji mpaka yaguse jani au waya, ndipo yanapoganda.

Ipo baridi kuliko hiyo. Katika miji ya Fairbanks, Alaska, na Yakutsk, Urusi, ikifika nyuzijoto 35 au 40 chini ya sifuri, hewa karibu haibebi mvuke wowote. Pumzi za watu na moshi wa magari, ambao una mvuke mwingi, huganda hapo hapo kuwa chembe za barafu. Mji hufunikwa na ukungu uliojitengenezea wenyewe. Foleni yetu ya Barabara ya Morogoro ingehamishiwa kule, tusingeonana!

Kwa msafiri, jambo kubwa ni taa. Dereva akiwasha taa kali, mwanga hugonga matone na kumrudia machoni. Zinazofaa ni taa za chini, pamoja na mwendo wa pole. Abiria akiona sivyo, aseme, tena mapema. Jua likishapanda, ardhi hupata joto, matone hurudi kuwa mvuke, na barabara huonekana tena.